Mgeni wa Mji na Picha ya Ukumbusho

Katika desturi za safari tulizozirithi, mtu akienda mjini harudi mikono mitupu. Huleta sukari, sabuni, kanga ya mama, na habari. Katika karne ya 20 kitu kimoja kiliongezeka katika mzigo huo, nacho ni picha. Mgeni aliyefika Unguja, Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, awe amekuja kwa likizo, kwa matibabu, au kumzuru ndugu yake, alitenga saa moja katika siku zake chache, akavaa nguo zake bora, akaenda kwa mpigapicha, akalipa fedha yake na kuketi mbele ya kamera. Tendo hili laonekana kuwa dogo, na waandishi wa historia wamelipita mara nyingi bila ya kuligusa. Lakini kwa hakika si dogo. Ndani yake mna habari ya jinsi watu wetu walivyopata kuonekana kama walivyotaka wenyewe, baada ya kuonyeshwa na wengine kwa miaka mingi.

Mimi si mwanachuo. Nimekuwa karani wa masjala kwa zaidi ya miaka 30, na kazi yangu imenifundisha jambo moja: waraka usio na jina wala tarehe ni karatasi tu, hata ukiwa na maneno mazuri namna gani. Ni kwa jicho hilo la masjala ninaomba kuitazama historia ya picha ya ukumbusho, na nawaomba walimu na wanafunzi waitazame pamoja nami.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa kwa walimwengu huko Paris mwaka 1839, kwa jina la Mfaransa Louis Daguerre. Picha yake ilichorwa na mwanga juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, nayo haikuwa na nakala: bamba moja, picha moja. Haikupita miaka kumi kabla ya ufundi huo kufika katika pwani yetu. Kati ya mwaka 1846 na 1848 nahodha wa Kifaransa, Charles Guillain, alizitembelea bandari za Afrika Mashariki, Unguja ikiwa miongoni mwake, wakati wa utawala wa Seyyid Said, na katika jahazi lake la kivita mlikuwa na chombo cha kupigia picha. Mwaka 1860 Mwingereza James Grant, aliyekuwa akijiandaa kwenda bara pamoja na Speke, alipiga picha mjini Unguja. Miongoni mwa aliyoyaelekezea kamera yake ni soko la watumwa.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Watu waliosimama sokoni siku ile hawakuwa wageni waliokuja kutembea mjini. Waliletwa kwa nguvu. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kupigwa picha, wala hakuna aliyeandika majina yao. Hivyo basi, miongoni mwa watu wa kwanza wa nchi zetu kuingia katika kioo cha kamera, wako wale ambao kamera haikujali kujua ni akina nani. Tulikumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

Katika miaka hiyohiyo, huko Ulaya, picha ilikuwa imeanza kuwa kitu cha raia wa kawaida. Mwaka 1854, mjini Paris, mpigapicha aitwaye Disdéri alipata hati ya kuulinda uvumbuzi wake wa kupiga picha kadhaa ndogo katika bamba moja la kioo. Picha hizo zilichapwa kwenye karatasi, zikabandikwa kwenye kadi yenye ukubwa usiozidi kiganja cha mkono. Bei ikashuka, na msafiri aliyepita katika mji mkubwa aliweza kupigwa picha na kuwapelekea jamaa zake nakala kwa posta. Hapo ndipo desturi tunayoizungumzia ilipopata mwili wake: mji, mgeni, chumba cha picha, na nakala iliyotumwa nyumbani.

Watu wa pwani yetu wenye nafasi ya kusafiri hawakuchelewa kuijua desturi hiyo, na mifano mitatu yatosha kuonyesha. Wa kwanza ni Salma binti Said, binti wa Seyyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Huko Aden alibadili dini na jina, akaitwa Emily Ruete, kisha huko Hamburg akavaa nguo za Kizungu kila siku. Hata hivyo, katika picha yake inayojulikana zaidi, iliyopigwa katika studio ya mji huo, amevaa mavazi ya binti wa kifalme wa Unguja. Kila mtu aweza kuifasiri picha hiyo apendavyo. Mimi naona ndani yake mwanamke aliye mbali na kwao, aliyetumia saa moja ya mpigapicha kusema: mimi natoka pale.

Mfano wa pili ni wa Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wa David Livingstone. Baada ya Livingstone kufariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia leo, watu hawa na wenzao waliubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Mwaka 1874 Susi na Chuma walipelekwa Uingereza, wakasaidia katika kutayarishwa kwa shajara za mwisho za bwana wao. Wakiwa Newstead walipigwa picha pamoja na watoto wa Livingstone. Majina yao yameandikwa chini ya picha hiyo, na kwa sababu hiyo tunawajua kwa sura hadi leo. Wale wenzao wengine, wengi wao waliobeba mzigo uleule, njia ileile, kwa mabega yaleyale, sura zao hatunazo.

Mfano wa tatu ni Sultani Barghash bin Said. Mwaka 1875, miaka miwili baada ya kutia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa, alikwenda kuitembelea Uingereza, akapigwa picha London pamoja na wajumbe wake. Wamevaa majoho na vilemba, na majambia yao viunoni. Hawakuazima koti la mtu. Picha zile zilisambazwa, na watu wa nchi ile wakaiona sura ya mtawala wa Unguja kama mwenyewe alivyoipanga.

Wakati huo Unguja yenyewe ilikuwa ikigeuka kuwa mji wa wageni. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kuanzia mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilileta barua na abiria kwa ratiba maalumu. Abiria walishuka kwa saa chache au siku chache, wakatembea katika vichochoro, wakataka kitu cha kuwaonyesha watu wa kwao. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 wapigapicha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na J. B. Coutinho, walikuwa wamefungua nyumba zao za picha mjini humo. Goa ilikuwa koloni la Ureno katika pwani ya Bara Hindi, na watu wake walisambaa katika bandari zote za Bahari ya Hindi wakiwa makarani, wapishi, wanamuziki na washonaji. Upigaji picha uliingia katika orodha ya kazi zao.

Wapigapicha hao walikuwa na biashara mbili chini ya dari moja. Ya kwanza ilikuwa kumpiga picha mteja aliyekuja kwa hiari yake na kulipa: mfanyabiashara, ofisa, bwana harusi, baharia. Ya pili ilikuwa kuwauzia wasafiri picha zilizokwisha kutengenezwa, na baadaye postikadi, zenye sura za mji na za watu wake. Katika biashara ya kwanza mteja aliandikwa jina lake katika daftari. Katika ya pili, mwanamke aliyepigwa picha aliitwa “mwanamke wa Kiswahili”, na mchukuzi aliitwa “mchukuzi”. Mpigapicha alikuwa mmoja, kamera ilikuwa moja, na huenda hata kiti kilikuwa kimoja. Kilichowatenganisha watu hawa wawili ni nani aliyelipa na nani aliyeulizwa.

Hata hivyo tusizitupe picha hizo, kwani zina faida kubwa kwa historia. Kwa msaada wake twajua jinsi ufuo wa Unguja ulivyokuwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Kiingereza zilipolipiga jumba la Sultani kwa mizinga. Twauona mnara wa taa uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib, ambao haupo tena. Beit al-Ajaib yenyewe, iliyojengwa na Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mawe huanguka, na karatasi nyembamba iliyohifadhiwa vizuri huweza kuyashinda kwa umri.

Katika bara ya Tanganyika mambo yalikuwa hivyohivyo chini ya Wajerumani. Mpigapicha Walther Dobbertin alifanya kazi nchini humu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na picha zake zimo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Mwaka 1906, wakati moto wa Maji Maji ulikuwa haujazimika sawasawa, mtaalamu Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alisafiri katika nchi ya Lindi, Masasi na Newala. Alipiga mamia ya picha za Wayao, Wamakua na Wamakonde. Hodari alikuwa, na picha zake zimehifadhi mitindo ya nywele, chale na nakshi ambazo wajukuu wa watu wale hawazijui tena. Lakini alikuwa akitafuta mifano ya makabila, na wengi wa wale waliosimama mbele ya kamera yake wamebaki kuwa mifano tu. Bibi wa mtu fulani wa Newala yumo katika makumbusho ya Ulaya, na mjukuu wake hana njia ya kumtambua.

Baada ya kuyajua hayo, ndipo msomaji atakapoona uzito wa yule mgeni wa mjini niliyeanza naye. Studio za mtaani zilipoenea katika karne ya 20, mtu wa kawaida alipata uwezo ambao hapo kwanza walikuwa nao akina Barghash peke yao. Mjini Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na baadaye mwanawe akaiendeleza. Masultani walipigwa picha na studio hiyo, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 viongozi wapya nao wakapigwa, na katikati ya yote hayo wakapigwa maharusi, wanafunzi na wageni waliotoka mashamba na Pemba. Mombasa ilikuwa na studio ya N. V. Parekh, iliyofunguliwa mwaka 1942, ambayo ilijulikana kwa jinsi ilivyompa mteja nafasi ya kuchagua namna atakavyokaa. Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, mtu aliyejifundisha ufundi mwenyewe, akapata sifa kwa ustadi wake wa kuziunganisha picha mbili au zaidi zikawa moja.

Kwa faida ya vijana waliozaliwa baada ya filamu kutoweka, inafaa kueleza kazi ilivyokwenda. Studio ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na taa, kiti au benchi, meza ndogo yenye chombo cha maua, na pazia la nyuma lililochorwa bustani, nguzo za jumba, au bahari. Ukutani kulikuwa na kioo na kitana. Wako wapigapicha waliokuwa na koti, tai na saa ya mkono za kuazima, maana mteja wa kutoka mbali huenda alikuja na shati tu. Mpigapicha alimgeuza mteja bega, akamwinua kidevu, akamwambia asipepese macho, kisha akabonyeza.

Chumba cha pili kilikuwa cha giza. Filamu, au bamba la kioo katika zama za kwanza, ilikuwa na utando wa dawa yenye fedha ambao huungua kwa mwanga. Humo gizani ilisafishwa kwa dawa, na sura ikatokea kinyume: nywele nyeupe na meno meusi. Hiyo ndiyo negativu. Kutoka kwa negativu hiyo mwanga ulipitishwa juu ya karatasi yenye dawa, na karatasi ikatoa sura iliyo sawa. Penye doa pakarekebishwa kwa kalamu ya risasi, na kabla ya picha za rangi kuenea, mashavu ya bibi harusi na maua ya kanga yake yalipakwa rangi kwa mkono. Mwisho negativu ikatiwa katika bahasha yenye namba, na namba hiyohiyo ikaandikwa katika stakabadhi ya mteja.

Kwa mwenyeji namba hiyo haikuwa na uzito mkubwa, kwani angerudi baada ya siku tatu au wiki. Kwa mgeni ilikuwa kila kitu. Safari yake ilikuwa fupi na dawa hazikujua haraka yake. Mara nyingi aliondoka kabla ya picha kuwa tayari, akamwachia stakabadhi ndugu yake wa mjini, na picha ikamfuata kwa posta au kwa mkono wa msafiri mwingine. Huo ulikuwa mkataba wa uaminifu kati ya watu watatu: mgeni, mwenyeji wake na mpigapicha.

Waliopiga picha hizo walijipangia wenyewe namna ya kuonekana, na ndiyo maana picha zao zina mengi ya kutufundisha. Mtu aliweza kuvaa kanzu na koti siku hiyohiyo aliyokuwa na shida ya nauli. Marafiki wawili walishikana mikono ili urafiki wao uwe na shahidi. Wanawake wa nyumba zenye heshima, waliovaa buibui barabarani, walipigwa picha bila ya buibui, na picha hizo zikafungiwa katika albamu ambayo mgeni wa kiume hakuruhusiwa kuifunua. Wako pia waliokataa kupigwa picha kabisa kwa kuhofia hukumu ya dini kuhusu sanamu za viumbe, na uamuzi wao nao ni sehemu ya historia hii. Vilevile picha za studio ni mashahidi wa mabishano yetu ya utamaduni. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipoazimia kupiga vita sketi fupi na suruali za kubana mjini Dar es Salaam, katika kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana, mavazi hayo yalitishwa barabarani. Lakini katika albamu za watu wa rika lile bado yapo, safi kama siku yalipovaliwa.

Desturi hii ilidumu kwa namna mpya hata baada ya kamera ndogo kuenea. Pale kivuko cha Likoni, Mombasa, kuanzia miaka ya 1990 vijana waliotoka bara walijenga vibanda vya picha kando ya njia ya abiria. Mapazia yao yalichorwa meli, ndege, majumba ya ghorofa na simba. Mtu aliyekuja pwani kutafuta kazi, au kuiona bahari kwa mara ya kwanza, alisimama mbele ya meli ya rangi ilhali meli ya kweli ilikuwa ikipita nyuma ya kibanda. Wenye kucheka walicheka. Lakini picha ile iliposomwa na mama yake kule bara, ilisema kwamba mwanawe yu hai, ana afya na amefika mbali. Vibanda vile baadaye viliondolewa, na picha zimebaki katika makabati ya watu.

Sasa naomba ruhusa ya msomaji nieleze habari ya nyumbani kwetu, kwa kuwa ndiyo iliyonisukuma kuandika insha hii. Katika likizo ya Desemba 1981, nilipokuwa na miaka tisa, baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alitupakia katika treni pale Urambo, yeye, mama, dada yangu na mimi, tukaja Dar es Salaam kumtembelea baba mdogo aliyekuwa akikaa Magomeni. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu sote isipokuwa baba. Siku moja kabla ya kurudi alituamuru tuoge mapema. Mama alivaa gauni la kitenge alilolishonea safari, baba akavaa suti yake ya Kaunda, tukaenda kwa miguu hadi studio moja ya mjini.

Naikumbuka saa ile kuliko bahari yenyewe. Naikumbuka harufu ya dawa, joto la taa usoni, na sauti ya mpigapicha ikimwambia baba, “Mzee, sogea karibu na mama, hamjagombana.” Baba alicheka, na nadhani alibonyeza akiwa bado anacheka. Baba akalipa nusu ya fedha kwa nakala tatu za ukubwa wa postikadi, akapewa stakabadhi, akamkabidhi mdogo wake. Kesho yake tukapanda treni.

Nyakati zile zilikuwa ngumu. Vita na Idi Amin vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba, na filamu, karatasi na dawa zote ziliagizwa kutoka nje. Baba mdogo alikwenda studio mara ya kwanza, akaambiwa karatasi zimekwisha. Akaenda mara ya pili, akaambiwa asubiri. Alipokwenda mara ya tatu akaukuta mlango umefungwa, na duka likawa la mtu mwingine. Hakuna aliyejua bahasha za negativu zilikopelekwa. Simlaumu mtu, kwani hata mpigapicha yule huenda alikuwa na shida zake.

Baba alifariki mwaka 1987. Katika majalada yake iko picha moja tu, ndogo ya pasipoti, na muhuri wa ofisi umepigwa juu ya uso wake, kutoka jicho la kushoto hadi kidevuni. Mimi mwenyewe nimepiga mihuri ya namna hiyo maelfu kwa maelfu. Kutoka studio ile nimebaki na stakabadhi, ambayo baba mdogo aliirudisha. Ina tarehe, ina namba 417, ina jina la baba yangu kwa mwandiko wa mtu mwingine, na maneno “watu wanne”. Hivyo, makumbusho ya ng’ambo yana picha zisizo na majina, nami ninalo jina lisilo na picha. Nimeyafikiria mambo hayo mawili kwa miaka mingi, na nimeona kwamba ni hasara moja yenye nyuso mbili.

Leo hali imebadilika kiasi ambacho baba asingeweza kukiwazia. Mgeni anayekwenda Unguja kwa siku mbili humpigia simu mpigapicha kabla ya kupanda boti. Hukubaliana naye saa moja ya alasiri, jua likiwa limepoa, katika vichochoro vya Mji Mkongwe au pale Forodhani. Mji Mkongwe umekuwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kuta zake zimechukua kazi ya pazia lililochorwa. Picha mia mbili hupigwa katika muda ambao mzee Gomes angetumia kuandaa bamba moja, na mgeni huzipokea katika simu yake kabla ya kulala. Wageni si watu wa ng’ambo tu. Wako maharusi wa Mwanza, wanachuo wa Dodoma, na wazee waliosomeshewa watoto na sasa watoto hao wanawalipia safari. Hilo ni jambo la kufurahia.

Hata hivyo, zipo tahadhari ambazo historia hii inatupa. Kwanza, mapatano na yaandikwe: muda, bei, idadi ya picha, na siku ya kuzikabidhi. Pili, iulizwe mapema ni nani atakayezitunza picha hizo, na kama mpigapicha ana ruhusa ya kuzitumia kujitangazia biashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetuonyesha kwamba habari za mtu ni kitu cha kulindwa, na sura ya mtu ni habari ya kwanza aliyo nayo. Tatu, anayepiga picha katika vichochoro vile akumbuke kwamba mzee aliyeketi barazani si sehemu ya pazia. Aamkiwe, aombwe ruhusa, na akikataa aachwe. Tukimpiga picha bila ya kumuuliza, tutakuwa tumerudi katika soko la mwaka 1860 tukiwa na kamera bora zaidi. Nne, simu hupotea na huharibika. Studio iliyofungwa mwaka 1982 na simu iliyotumbukia majini mwaka huu zina matokeo yaleyale. Picha moja ichapwe katika karatasi.

Kwa walimu nina ombi. Katika nyumba nyingi za nchi hii ipo albamu, sanduku au bahasha yenye picha za studio. Mpeni kila mwanafunzi kazi ya kuleta picha moja, si ya mtu mashuhuri, bali ya mtu wa nyumbani kwao. Amuulize mzee aliye hai: huyu ni nani, ilikuwa mji gani, mwaka gani, mlikwenda kwa shughuli gani, na ile saa ya mkono ilikuwa ya nani? Kisha majibu hayo yaandikwe nyuma ya picha, kwa mkono mwepesi na kalamu ya risasi laini ili karatasi isiumie, au katika daftari lenye namba. Darasa moja likiifanya kazi hiyo kwa muhula mmoja, litakuwa limeokoa historia isiyopatikana katika kitabu chochote. Kwa kuwa mimi ni mtu wa mashairi kabla ya kuwa karani, naliweka ombi hilo katika ubeti mmoja:

Picha iso jina nyuma, ni sawa na mtu bubu,
Wajukuu hutazama, wasijue ndiye babu,
Kalamu ni kitu chema, huipa picha jawabu,
Andika jina kwa mkono, picha ipate kusema.

Nami nimeanza nyumbani. Katika ukurasa wa kwanza wa albamu yetu, mahali ilipostahili kuwa picha ya Desemba 1981, nimeibandika stakabadhi namba 417. Chini yake nimeandika majina ya watu wanne, kuanzia kushoto kwenda kulia, kama tulivyopangwa siku ile.